Joginder Singh: Makanika aliyeileta Safari hadi vibarazani mwa Eastlands

PASAKA ilipokaribia katika miaka ya 1960 na 1970, wakazi wa mitaa ya mashariki mwa Nairobi walikuwa wakingojea mambo mawili: mvua ya masika na magari ya Safari. Mvua ilitangulia. Iliugeuza udongo mweusi wa Makadara, Kaloleni na Bahati kuwa ulimbo unaong'ang'ania viatu, ikajaza mitaro na kuwalazimu watu kuruka kutoka jiwe hadi jiwe wakielekea kazini. Kisha Safari ikafuata, na wengi waliipokea kwa masikio kabla ya kuiona kwa macho. Redio ziliwekwa madirishani, majirani wakakusanyika vibarazani, na matokeo yakasomwa kutoka vituo vya mbali ambavyo wengi wao hawakuwa wamewahi kuvikanyaga.

Miongoni mwa majina yote yaliyotajwa, moja liliwakaa watu hao ulimini kuliko mengine. Halikuwa jina la Mzungu, na wala halikuwa la Mwafrika. Lilikuwa la Singasinga mwenye kilemba na ndevu, mtoto wa fundi wa magari kutoka Kericho, Joginder Singh.

Inafaa kuuliza ilikuwaje. Safari haukuwa mchezo wa watu wa Eastlands. Ulianzishwa mwaka wa 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, wakati Kenya ilikuwa chini ya sheria ya hali ya hatari na Mwafrika wa Nairobi hakuweza kutembea bila kipande. Waliojiandikisha kushiriki walikuwa walowezi na wafanyabiashara wenye magari yao na muda wa kuyachezea. Mkazi wa Muthurwa au Ziwani alihusika na mashindano hayo pale tu gari liliponasa matopeni na ikahitajika mikono ya kulisukuma.

Jiji lenyewe lilikuwa limekatwa vipande kwa misingi ya rangi. Wazungu walikaa magharibi, kwenye miinuko yenye miti na maji safi. Wahindi walikaa Ngara, Pangani na Eastleigh. Waafrika waliwekwa mashariki, katika nyumba za Shirika la Reli na za baraza la jiji, nyingi zikiwa za chumba kimoja, kwenye uwanda wa udongo mweusi usiopitisha maji. Mwafrika na Mhindi walikutana dukani, gerejini na kiwandani, na aghalabu mmoja alikuwa mwajiri na mwingine kibarua. Uhusiano wa namna hiyo hauzai mapenzi kwa urahisi. Ndiyo sababu kisa cha Joginder kinastahili kusimuliwa kwa utuo.

Alizaliwa Kericho mnamo Februari 9, 1932, kifungua mimba wa Battan Singh na Swaran Kaur. Baba yake alikuwa fundi, na kijana huyo alikua akinusa grisi. Kericho ni nchi ya majani chai na mvua ya karibu kila alasiri. Barabara zake za enzi hizo zilikuwa za udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni, na gari lililotoka gerejini likiwa na kasoro ndogo lilirudi limevutwa kwa kamba. Hapo kijana alijifunza jambo ambalo baadaye lingemtofautisha na madereva wengi wenye majina makubwa: gari huzungumza kabla ya kuharibika, na dereva mwema ni yule anayelisikiliza.

Alipelekwa shule ya bweni Nairobi, na baada ya masomo akashika spana. Alifanya kazi ya umakanika kwa waajiri kadhaa, kisha katika miaka ya 1950 akaajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, kilichokuwa na hadhi ya kifalme wakati huo, akiwa askari doria wake wa kwanza wa barabarani. Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka njiani na kuwatengenezea gari waliokwama. Ni kazi ya jua, vumbi na kulala chini ya gari la mtu mwingine. Lakini hakuna chuo ambacho kingempa elimu bora zaidi ya kile alichokuja kukifanya. Aliziona kasoro za kila aina ya gari lililouzwa Kenya, akajua ni springi gani hukatika kwanza, ni radieta ipi huchemka mlimani, na ni daraja gani humezwa na mto mvua inaponyesha.

Aliingia katika mashindano ya Safari mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950, akiwa amekwisha kutimiza umri wa miaka 25, na mara nyingi mwelekezi wake alikuwa mdogo wake, Jaswant. Msomaji wa leo, aliyezoea kuona magari yakishindana kwa dakika chache katika vipande vya barabara iliyofungwa, huenda asielewe Safari ya siku hizo ilikuwa kitu gani. Ilikuwa safari kwa maana kamili ya neno. Magari yalitoka mjini na kukata nchi nzima, mara nyingine nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa mwendo wa takriban kilomita 5,000, usiku na mchana, kwenye barabara za kawaida zilizokuwa wazi kwa kila mtu. Malori, mabasi, ng'ombe, twiga na waendao sokoni wote walikuwemo. Kila kituo kilikuwa na saa yake, na dakika za kuchelewa zilihesabiwa kuwa alama za adhabu. Aliyekuwa na adhabu ndogo kuliko wote ndiye bingwa.

Kwa hivyo kasi peke yake haikutosha. Dereva angeweza kupaa kutoka Nairobi hadi Mombasa, kisha akaacha ekseli yake kwenye korongo la Taita na kurudi nyumbani kwa basi. Mwaka wa 1963 mvua ilikuwa kali kiasi kwamba ni magari saba tu kati ya zaidi ya themanini yaliyofika mwisho. Mojawapo lilikuwa la Joginder na Jaswant, aina ya Fiat 2300. Mwaka wa 1968 jambo hilo lilijirudia, magari saba tu yakimaliza, na Joginder alikuwamo tena. Katika maisha yake yote alishiriki Safari mara 22 na kufika mwisho mara 19. Kwa mashindano ambayo miaka mingine yalimeza zaidi ya nusu ya washiriki, hesabu hiyo inasema mengi kuliko vikombe.

Mwaka wa 1964 Wamarekani walikuja. Kampuni ya Ford ilileta kikosi cha magari sita ya Mercury Comet, mashine kubwa zenye injini ya silinda nane ya takriban lita 4.7, aina ya magari ambayo vijana wa Marekani waliyapenda kwa ngurumo na nguvu zake. Yalikuwa yameandaliwa California na Bill Stroppe, fundi aliyesifika kwao. Ilikuwa Safari ya kwanza tangu Kenya ijipatie uhuru, na Wamarekani hao walitaka kuionyesha dunia kwamba gari lao haliogopi barabara yoyote. Joginder alikabidhiwa usukani wa mojawapo.

Barabara za Afrika Mashariki hazikuvutiwa na ukubwa wa injini. Comet lilikuwa zito, na uzito ni adui kwenye udongo mweusi: kadiri dereva anavyokanyaga mafuta ndivyo magurudumu yanavyochimba kaburi lake. Kati ya magari hayo sita, mawili tu yalifika mwisho, tena mkiani, na moja kati ya hayo mawili liliendeshwa na Joginder. Ushindi ulinyakuliwa na Peter Hughes na Billy Young, wakazi wa Kenya, kwa Ford Cortina ambayo injini yake haikuzidi thuluthi moja ya ile ya Comet. Wa pili alikuwa Erik Carlsson wa Sweden, katika kigari kidogo cha Saab. Mtu angeweza kulitazama tukio hilo kama fedheha ya Wamarekani. Kwa makanika wa Kericho lilikuwa somo, na mwaka uliofuata alionyesha kwamba alikuwa amelielewa.

Gari alilolichagua kwa Safari ya 1965 lilikuwa Volvo PV544. Umbo lake, lenye mgongo wa duara kama wa kobe, lilitokana na gari ambalo Volvo ilikuwa imelizindua mwaka wa 1944, na kiwanda kilikuwa kikijiandaa kuacha kabisa kuliunda. Isitoshe, hili halikuwa jipya. Lilikuwa limetumiwa na timu ya kiwanda katika Safari ya mwaka uliotangulia, likapigwa na mawe na mashimo, kisha likaachwa Kenya. Kwa lugha ya mtaani, ulikuwa mkweche. Joginder alilifungua, akalikagua, akabadilisha kilichochoka na kukaza kilicholegea. Hapakuwa na ndege ya kumfuata angani, wala kikosi cha mafundi kutoka Ulaya. Fundi alikuwa yeye mwenyewe.

Alianza akiwa na nambari 1 ubavuni mwa gari. Nambari hiyo ina baraka na laana yake. Anayetangulia hali vumbi la mtu, na hilo katika nchi kavu ni faida kubwa. Lakini mvua ikinyesha, yeye ndiye wa kwanza kuingia mtoni bila kujua kina, na wa kwanza kupasua tope ambalo wenzake watapita wakifuata nyayo zake. Ndugu hao wawili waliongoza njia na hawakukamatwa. Walipowasili Nairobi walikuwa wamemwacha aliyewafuata kwa zaidi ya saa moja na nusu. Katika mashindano yanayohesabiwa kwa dakika, pengo hilo lilikuwa kama mchana na usiku.

Jijini, habari hiyo ilipokelewa kwa namna ambayo pengine hata wao hawakuitarajia. Magazeti ya Kiingereza yalimwita Singasinga Anayepaa. Huko Eastlands hawakuhitaji lakabu ndefu, Joginder ilitosha. Makanika wa Gikomba na Eastleigh, ambao riziki yao ilikuwa kufufua magari yaliyokataliwa na wenyewe, walikuwa wamepata bingwa waliyemwelewa. Hakushinda kwa pesa. Alishinda kwa kazi ileile waliyoifanya wao kila siku, mikono ikiwa na mafuta hadi viwikoni. Na alikuwa ameshinda mchezo ambao kwa miaka kumi na miwili ulionekana kuwa mali ya watu wa upande wa pili wa jiji.

Wakati wenyewe ulikuwa mgumu kwa jamii yake. Miezi miwili tu kabla ya ushindi huo, mnamo Februari 1965, mwanasiasa Pio Gama Pinto, Mkenya wa asili ya Goa aliyepigania uhuru, alikuwa ameuawa kwa risasi langoni mwa nyumba yake Nairobi. Katiba ilikuwa imewapa Wahindi wengi miaka miwili tangu uhuru kuamua kama watachukua uraia wa Kenya au watabaki na pasipoti za Uingereza, na muda huo ulikuwa ukielekea kwisha. Wengi walisitasita. Ndipo mwaka wa 1967 zikaja sheria za uhamiaji na za leseni za biashara, na waliokosa uraia wakaanza kufunga virago. Uingereza nayo ikaharakisha kupitisha sheria ya kuwafungia mlango mnamo Machi 1968. Maelfu walipanda ndege kabla ya mlango huo kufungwa. Mwaka wa 1972, nchini Uganda, Idi Amin aliwafukuza Wahindi kabisa.

Katika kipindi hichohicho ambapo neno Mhindi lilitajwa kwa shaka katika mikutano ya kisiasa, jina la Mhindi mmoja lilishangiliwa kando ya barabara kutoka Mombasa hadi Busia. Si haki kudai kwamba Joginder aliziponya chuki za wakati huo; hakuna dereva awezaye hilo. Kibarua aliyedhulumiwa na mwajiri wake mwezi wa Machi hakusahau kwa sababu ya Pasaka. Lakini ni kweli pia kwamba mtu yuleyule alisimama kwenye tope na kumpigia kelele za furaha Singasinga, akimhesabu kuwa wake. Serikali ya Kenya iliwatambua rasmi Wakenya wa asili ya Asia kuwa kabila la 44 mnamo Julai 2017. Mashabiki wa Safari walikuwa wameshalimaliza suala hilo, angalau kwa mtu mmoja, nusu karne kabla.

Baada ya 1965 ushindi ulimkwepa kwa muda. Alishika nafasi ya pili mwaka wa 1969 akiwa na Volvo, na ya pili tena mwaka wa 1970 akiwa na Datsun. Viwanda vya Ulaya na Japani vilikuwa vimetambua kwamba Safari inauza magari, na fedha zikamwagika. Mwaka wa 1972 Hannu Mikkola wa Finland akawa mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kuishinda, kwa Ford Escort. Ilidhaniwa kuwa enzi ya wenyeji na magari yao ya gerejini imekwisha.

Mwaka wa 1974 Joginder alirudi na gari ambalo wachache walilijua, Mitsubishi Lancer yenye injini ya lita 1.6, David Doig akiwa mwelekezi wake. Mpinzani mkuu alikuwa Bjorn Waldegard wa Sweden katika Porsche 911, gari lenye nguvu zaidi. Waldegard aliongoza sehemu kubwa ya safari hadi Porsche ilipovunjika kiungo cha chini na kupoteza muda. Lancer iliendelea tu, bila papara, ikapita na kushinda. Wapo walioiita bahati. Lakini bahati ya namna hiyo humfuata mtu ambaye gari lake bado ni zima wakati la mwenzake limevunjika, na Joginder alikuwa ameifuga kwa miaka kumi na mitano.

Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, Rais Jomo Kenyatta alikuwa ameruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalum, na Barabara ya Jogoo ikajaa magari ya kila umbo yaliyoshindania abiria wa Makongeni, Jericho na Buruburu iliyokuwa ikichipuka. Haikuchukua muda kwa jina kuhamia huko. Dereva aliyepita mwenzake kwa upande usiofaa au kuruka matuta huku makanga akining'inia mlangoni aliitwa Joginder, mara kwa sifa na mara kwa laana, kutegemea kama msemaji alikuwa amechelewa kazini au amegonga kichwa kwenye dari. Kuna kinaya hapo. Joginder halisi alikuwa dereva aliyelionea gari lake huruma, na huenda asingedumu siku mbili kwenye kazi ya matatu.

Ushindi wa tatu ulikuja mwaka wa 1976, akiwa na Doig na Lancer tena. Safari hii Mitsubishi ilizoa nafasi zote tatu za kwanza, Robin Ulyate akiwa wa pili na Andrew Cowan wa tatu. Joginder alikuwa na umri wa miaka 44, na hakuna mtu kabla yake aliyekuwa ameishinda Safari mara tatu. Rekodi hiyo ilikuja kuvunjwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya, ambaye alishinda mara tano kati ya 1973 na 1982. Mwafrika mweusi aliyetaka kushindana bado alikabiliwa na ukuta wa gharama. Patrick Njiru alipoifikisha Subaru Vivio, gari la injini isiyofika hata lita moja, mwisho wa Safari ya 1993, mashabiki wa Nairobi walimshangilia kwa sababu zilezile walizokuwa nazo mwaka wa 1965.

Joginder aliacha mashindano na kuishi maisha ya kimya. Miaka yake ya mwisho aliimalizia Uingereza, kama wengi wa jamii yake waliotangulia kwenda huko kwa ndege za 1968. Alifariki London mnamo Oktoba 20, 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Wakati huo Safari ilikuwa imeondolewa katika ratiba ya ubingwa wa dunia kwa zaidi ya miaka kumi, baada ya makala ya 2002. Kilichokuwa kikiendelea ni mashindano ya magari ya zamani yaliyoanzishwa mwaka wa 2003, ambapo Porsche, Datsun na Escort za enzi zake hufufuliwa na kukata tena nyika za Kenya na Tanzania.

Ubingwa wa dunia ulirejea Juni 2021. Magari yaliondoka katika jumba la KICC yakipungiwa bendera na Rais Uhuru Kenyatta, mwana wa rais aliyekuwa akiyapungia magari ya Joginder, yakapitia Kasarani kisha yakaelekea Naivasha. Mwezi wa Juni ulikuwa na vumbi zaidi kuliko matope. Mwaka wa 2024 waandaaji waliyarudisha mashindano kwenye wikendi ya Pasaka, masika yakikaribia.